Kaseti ya mwalimu wa korali: niliyoyasikia kwa fundi redio wa hapa Baraka

Wakuu, nawasalimu kutoka mji wa Baraka, Fizi, ng'ambo ya ziwa kwa ndugu zetu wa Kigoma.

Ninachosimulia hapa nilikiona kwa macho haya na kukisikia kwa masikio haya. Sina cha kuongeza. Na mahali nilipokosea, nitasema nilikosea.

Mimi ni mwandishi. Sijachapisha kitabu bado, kwa hiyo msinitafute madukani. Nina riwaya moja inayonila mwaka wa tatu sasa, na niligundua kwamba nikikaa nyumbani siku nzima, watu ninaowaandika wanakufa. Wanaongea kama barua ya serikali.

Dawa niliyoipata ni kutoka. Kila asubuhi natembea mjini bila shughuli na kupiga stori na watu wazima nisiowajua.

Hii ndiyo starehe yangu, wakuu. Wengine wana mpira, wengine wana bia.

Mzee mmoja aliyeshuka kutoka Minembwe kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, alinitajia ng'ombe wake mmoja mmoja, jina na tabia: huyu mwenye wivu, huyu mvivu, huyu anayependa kuimbiwa. Mama mmoja mkimbizi wa Burundi alinifundisha kujua maharage yasiyokauka kwa kuyatikisa kiganjani na kusikiliza. Niliyatikisa, sikusikia kitu. Akacheka mpaka akaketi chini.

Narudi nyumbani kichwa kimejaa, kama mtu aliyetoka karamuni.

Sasa siku hiyo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mawingu mazito upande wa Ubwari. Nilipita karibu na soko, penye harufu ya mikeke, wale samaki wetu wa ziwani, wakikaangwa, nikasimama mbele ya kibanda cha mbao. Ndani yake mzee mmoja alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo. Nyuma yake palikuwa na rafu, na kwenye rafu redio kama kumi na mbili, kuukuu, zimefutwa vumbi zikang'aa.

Bila kuinua kichwa akasema, "Weye mutoto, redio yako iliharibika?"

"Hapana papa, niko napita tu."

"Mutu mwenye kupita anapitaka. Weye umesimama."

Pembeni ya kibanda palikuwa na mama mnene anayeuza karanga na ndizi, kitenge cha njano, sauti ya kuita mtu hadi Lweba. Jina lake Mama Mauwa.

"Muache akae," akamwambia. "Kila siku uko nalia ya kama hakuna mutu wa kusikiliza uongo yako. Mungu amekuletea mumoja, sasa uko namufukuza?"

Nikasogezewa ndoo iliyopinduliwa. Nikakaa.

Mzee anaitwa Papa Asukulu. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni mwandishi.

"Wa bureau gani?" akauliza, akidhani mimi ni karani wa ofisi.

"Hapana ya bureau, papa. Naandika bitabu."

"Bya nani?"

"Bya batu benye habako," nikamjibu, yaani watu wasiokuwepo.

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Akaelekeza bisibisi yake kwenye rafu.

"Basi tuko na kazi moja. Mi pia natumikia batu benye habako."

Zile redio zote, wakuu, ni za watu walioziacha kwa matengenezo kabla ya vita, wakakimbia. Wengine ng'ambo, wengine msituni, wengine hawajulikani. Yeye mwenyewe alipokimbilia Kilembwe alizifunga kwenye nailoni, akazitia kwenye pipa na kulifukia chini ya majivu ya jiko. Aliporudi alizifukua zote. Akazitengeneza zote. Na tangu hapo, kila Jumamosi, huwasha moja baada ya nyingine ili zisisahau kuongea.

Kila redio ina kikaratasi kilichobandikwa. Hakuna jina hata moja. "Mama wa mapacha." "Mwenye baiskeli nyekundu." "Yule wa kubishana."

Nikauliza kwa nini hakuandika majina.

"Hapa Baraka?" akasema. "Andika Wilondja, batakuja bale Wilondja saba."

Nilikuwa bado nacheka alipofika mwanamke mmoja, miaka thelathini hivi, begi dogo begani, viatu vya safari. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

Mama Mauwa akaacha kumenya karanga. "Ee! Huyu ametoka ng'ambo."

Kweli alitoka Kigoma. Anaitwa Riziki, ni fundi cherehani. Mama yake ni wa kule kule, baba yake alikuwa mtu wa Baraka. Vita ilipowavusha ziwa, baba alibaki kambi ya wakimbizi, yeye akalelewa mjini kwa ndugu za mama, akasoma huko. Baba alimwona wakati wa likizo tu. Ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kimenyooka.

"Baba aliniambia kuna redio aliiacha kwa Asukulu, fundi," akasema. "Yenye sehemu ya kaseti. Alisema kaseti imo ndani. Alikuwa mwalimu wa korali."

Papa Asukulu alinyanyuka polepole, akashusha redio-kaseti nyeusi yenye spika mbili, akaiweka mbele yake na kumwonyesha kikaratasi. Wino umekuwa wa kahawia.

*Mwalimu wa korali. Anarudi.*

Riziki akaweka kidole juu ya lile neno la mwisho. Akasema, "Alifariki nikiwa na miaka kumi na mitano."

"Pole, mwana," akasema Mama Mauwa. Muuza karanga mwenye kelele zote zile, sauti yake ikawa kama uzi.

Tukadhani atachukua redio aende. Hakuichukua. Akauliza kama kaseti bado inaimba.

Kisha akatueleza kwa nini, wakuu, na naomba msome hapa taratibu.

Baba yake alipokuwa mgonjwa wa mwisho, Riziki alikaa naye hospitalini. Hakujua amfanyie nini. Basi akawa anamwimbia, kwa sauti ndogo, nyimbo za kanisani. Siku ile ya mwisho baba akainua mkono kutoka kwenye shuka, akamwambia inatosha. Riziki akaacha kuimba. Baba hakusema kitu kingine tena mpaka alipokata roho.

"Mwalimu wa korali," akasema, "na mimi nilikuwa namchosha kwa kuimba vibaya. Tangu siku ile siimbi. Kanisani nashika kitabu tu. Nataka nisikie sauti yake ikisema kitu kingine. Chochote. Ili lile lisiwe la mwisho."

Pikipiki zilipita, mtu akaita bei ya sombe, majani ya muhogo, soko likaendelea na soko lake.

Papa Asukulu akatoa ile kaseti kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa yai kwenye kiota.

Alisema ukweli: redio huwa anaiwasha, lakini kaseti hajaigusa hata siku moja, kwa kuwa si yake. Utepe umeshakauka. Unaweza kuimba mara moja. Unaweza pia kuliwa na mashine kabla ya kuimba.

"Niache?" akauliza.

"Icheze, mzee."

Nimeona madaktari wakifanya upasuaji kwenye televisheni. Sijaona mikono kama ile. Aliingiza kalamu ya Bic kwenye tundu la kaseti, akauzungusha utepe wote mbele, kisha wote nyuma, ili usigandamane. Mkanda wa mpira wa redio ulikuwa umelegea, akakata mwingine mwembamba kama uzi kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Akachukua pamba, akaichovya kwenye kichupa cha lotoko, ile pombe yetu kali, akasafisha kichwa kinachosoma utepe.

"Leo redio italewa," akasema Mama Mauwa.

"Afazali ilewe yeye kuliko mume wako."

Mimi nikapewa kazi mbili. Kwanza, kushika paneli ya sola juu na kuigeuza kufuata jua, maana mawingu yalikuwa yanatuonea. Pili, kurekodi kwa simu. Riziki aliniomba mwenyewe, kwa kuwa simu yake ilikuwa imezimika. Nikasema hakuna shida.

Papa Asukulu akabonyeza.

Kwanza upepo tu. Kisha kama mvua ya mbali. Kisha, wakuu, kutoka chini ya ile mvua, wakapanda watu wakiimba.

Sijui niwaelezeje. Walikuwa wanawake wengi na wanaume wachache, katika chumba chenye bati, na kuku mmoja mahali fulani. Mazoezi ya korali ya siku ya kawaida kabisa, katika mji huu huu, kabla ya yote. Nusu yao pengine hawapo tena duniani, na hapo walikuwa wanakosea kuingia kwenye kiitikio na kucheka.

Sikujua kwamba mchana wa zamani unaweza kuhifadhiwa hivyo, na kuku wake.

Kisha makofi mawili. Korali ikakatika. Sauti ya mwanamume, nyembamba, yenye haraka:

"Hapana, hapana. Bamama, muko naimba kama batu ba kulala. Mutoshe sauti!"

Riziki akashika ukingo wa meza.

Korali ikaanza tena. Ile sauti juu yao: "Mutoshe! Mama wa nyuma, tosha! Tosha, mama, tosha!"

Na korali ikapanda. Ikapanda mpaka spika zikatetemeka.

"Yee!" Mama Mauwa akapiga mapaja yake. "Ni vile alikuwaka! Mi niko Mukatoliki, lakini tulikuwa tunasimama kwa dirisha yabo kumusikiliza akigombeza bamama!"

Riziki hakucheka. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, uso umekunjamana.

"Anawaambia inatosha," akasema. "Mbona wanazidi kuimba?"

Papa Asukulu akavua miwani. "Nani amesema inatosha?"

"Si anasema tosha?"

"Anasema *tosha*. Tosha sauti. Kama unatosha maji kwa kisima. Kama unatosha viatu kwa mulango."

"Kutosha ni kutoa?"

"Sasa ni nini ingine?" akasema Mama Mauwa. "Kitu ikifika kipimo, huku tunasema *inaenea*. Tosha ni tosha. Ni kuleta inje."

Riziki akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na begi lake.

"Alisema tosha," akasema. "Nilikuwa naimba kwa sauti ndogo nisisumbue wagonjwa. Akainua mkono hivi." Akauinua mkono wake, kiganja juu, vidole vikipanda kidogo. Mkono wa mwalimu wa korali. "Akasema, 'Tosha, mwana. Tosha.'"

Wakuu, nimesoma vitabu vingi kuliko umri wangu. Sijawahi kuona neno moja likigeuka mbele ya macho ya mtu na miaka kumi na mitano ikageuka nalo.

Hapo tulikuwa tunamtazama yeye. Hakuna aliyeitazama mashine.

Ikasikika *krrr*. Papa Asukulu aliruka kuizima, lakini utepe ulikuwa umeshamezwa, umekunjamana kama nywele zilizoungua. Akauchomoa taratibu, kipande kwa kipande. Mwanzo wa kaseti uliharibika kabisa.

"Si kitu," akasema Riziki. "Kijana amerekodi."

Nikatazama simu.

Sikuwa nimebonyeza.

Nilikuwa nimeishika simu mkono mmoja na paneli mkono mwingine, na tangu ule upepo wa kwanza nilisahau kwamba nina mikono. Nilimwambia ukweli. Nilitamani kuingia chini ya ile ndoo.

Mama Mauwa alinitazama jinsi mama anavyomtazama mtoto aliyemwaga mafuta. "Mwandishi," akasema tu. Sikuwahi kutukanwa hivyo.

Lakini Riziki alikuwa ameshasimama. Akapangusa sketi. Akafumba macho na kuanza ule wimbo wa kwenye kaseti.

Alianza chini sana, sauti imeshika kutu.

Papa Asukulu akainua ile bisibisi yake, kiganja juu.

"Tosha, mwana."

Riziki akaitoa sauti yote.

Wauza samaki wakageuka. Dereva mmoja wa pikipiki akazima injini. Kwenye kiitikio Mama Mauwa akaingia na sauti ya pili, Mukatoliki yule, hakukosea hata neno. Mimi nilibaki nimeinua paneli juu, ingawa redio ilikuwa imezimwa na hakuna aliyeihitaji.

Alipoondoka alichukua kaseti, ameifunga kwenye leso. Redio aliiacha. Alisema sehemu ya kaseti iliyosalia atakuja kuisikiliza hapa hapa. Papa Asukulu aliirudisha kwenye rafu, na kile kikaratasi hakukibandua.

*Anarudi.*

Nilifika nyumbani nikafungua riwaya yangu. Rafiki mmoja mwandishi alinishauri niwasafishie watu wangu Kiswahili ili wasomaji wa mbali wasichanganyikiwe, nami nilikuwa nimepita kila ukurasa nikifuta "tosha" na kuandika "toa". Nilikesha siku mbili nikiyarudisha maneno yao.

Nilichojifunza: mtu mzima usiyemjua, aliyeketi pembeni ya njia yako ya kila siku, huenda ameshika maana ya neno ambalo mtu mwingine analilia ng'ambo ya maji. Kaa kwenye ndoo yake. Muulize. Na kama umeombwa kurekodi, bonyeza kwanza ndipo ushangae.

Mimi sikubonyeza, na ndiyo maana nimeandika uzi huu. Ndiyo rekodi pekee iliyopo.

Sasa zamu yenu. Kuna neno uliloambiwa na mtu wako, na hadi leo hujui kama ulilisikia sawa? Liandike hapa chini pamoja na mji alikotoka, pengine kuna mtu wa kwao anayelifahamu.

Wakuu, mutoshe sauti.