Laptopu ya Deo na Viti vya Majirani

Mwanangu, iko Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo sijaisahau. Umeniletea laptopu yako hapa Kagondo, unataka kujua kama itabeba hilo gemu jipya, na umenuna kwa sababu nimekuambia uje kesho. Kaa kidogo basi, nikueleze kwa nini sikukujibu papo hapo.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kozi ya kompyuta. Nyumbani waliniita Injinia, nami niliitika bila aibu. Binamu yangu Deo aliishi na bibi yetu kule Muleba, na Bibi alikuwa amempa mtamba mzuri, ng'ombe jike ambaye hajazaa, wa kuanzia maisha. Mtu mmoja wa Kemondo akamtaka yule mtamba, wabadilishane na laptopu yake. Deo akaona njia imefunguka: angefungua kibanda cha gemu karibu na bandari ya Kemondo, vijana waje kucheza mpira wa kwenye kompyuta. Gemu lenyewe lilikuwa halijafika Bukoba, hivyo hatukuweza kulijaribu. Tulikuwa na karatasi tu, inayoeleza linataka kompyuta ya namna gani. Siku ya Jumatano Deo akaiazima ile laptopu, akaniletea niikague.

Nikafungua ukurasa wa kadi ya grafiki, kile kifaa cha ndani kinachochora picha za gemu. Nikaona memori iliyoandikwa pale ni kubwa kuliko ile ya kwenye karatasi. Sikusoma zaidi. Nikamwambia, "Hii inabeba bila wasiwasi." Deo alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka kuirudisha kwa mwenyewe, anapiga mluzi.

Kesho yake nikaletewa laptopu nyingine ya aina ileile, imeharibika vitufe. Nikaufungua tena ule ukurasa, safari hii kwa utulivu, nikasoma mistari ya chini. Ile tarakimu kubwa ilikuwa jumla. Kadi yenyewe ilikuwa na memori kidogo sana. Iliyobaki yote ilikuwa ya kuazima kutoka kwenye kompyuta, na gemu lilitaka kadi iwe na memori yake.

Simu nilikuwa nayo, mwanangu. Nilibonyeza namba ya Deo mara tatu na kukata kabla haijaita. Nikajidanganya kwamba labda litacheza hivyohivyo. Ijumaa sikula. Akilini nilimwona yule mtamba anaondoka, namwona Deo ndani ya kibanda kitupu, na bado niliogopa zaidi kuacha kuitwa Injinia.

Jumamosi asubuhi nikaenda Muleba kwenye makabidhiano. Uani palikuwa pamejaa, maana Bibi hakutoa ng'ombe bila mashahidi. Zilipitishwa punje za kahawa za kutafuna, kama desturi yetu kwa wageni, mtu wa Kemondo akaja na laptopu ndani ya begi, na kamba ya mtamba ikawa tayari mkononi mwake. Badala ya kusema nililojia, nikamwambia Bibi, "Siku hizi una viti vingi."

Bibi akacheka. "Vyangu ni vitatu, waitu, mjukuu wangu. Hivyo vingine ni vya majirani. Wakivitaka, wageni wangu watakaa chini."

Sikujua nimesimama saa ngapi. Nikasema, "Deo, usimtoe mtamba. Nilihesabu viti vya majirani." Watu wakanitazama kama mtu mwenye homa, mpaka nilipoeleza habari ya memori ya kuazima na gemu lisilobebeka. Mtu wa Kemondo hakugomba. Alisema yeye hakuwahi kuahidi gemu, aliyeahidi ni mimi, akairudisha kamba mkononi mwa Deo. Deo alimrudisha mtamba zizini bila kunitazama.

Bibi ndiye aliyeniuliza. "Ulijua lini?"

"Alhamisi, Bibi."

"Na leo?"

"Jumamosi."

"Mwana wange," akasema, "kosa la Jumatano ni la macho, hilo nimelisamehe. Nieleze hilo la Ijumaa." Akavuta kiti kimoja, akakipigapiga kwa kiganja. "Kaa hapa. Hiki ni changu." Nilikaa, nikalia kama mtoto. Deo alikuja kusema nami baada ya chakula, na lilikuwa neno moja tu: "Asante." Lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiulizwa kitu ambacho hujakisoma mpaka chini, sema "ngoja niangalie," hata kama aliyeuliza atanuna kama ulivyonuna wewe. Angalia kilicho chake na kilicho cha kuazima, kwenye kompyuta na kwako mwenyewe, maana hata jina la Injinia nililoazimwa na watu nilikuwa nalihesabu kuwa langu. Na siku utakayokosea, maana utakosea, piga simu siku hiyohiyo. Acha iite.

Njoo kesho, nitakuwa nimesoma mistari yote. Mungu akulinde njiani, akupe macho ya kusoma hadi chini na kinywa kisichoogopa. Akupe na kiti kilicho chako, hata kikiwa kimoja, cha kumkalisha mtu aliyekukosea.