Mstari Huishia Unapoishia

Ofisini walimwita Mama Koma, kwa kuwa koma ikikosekana mahali, hali wala halali. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia miongozo waandika programu wa hospitali: faili hufunguliwaje, husomwaje. Kompyuta hakuzisomea sana, lakini kwenye sentensi, hapo usimguse.

Asubuhi hiyo alimkuta fundi wa programu ameketi nje ya mlango wa mkuu, kakumbatia begi lake kama abiria aliyeachwa na gari. Orodha mpya ya wagonjwa ilikuwa imegoma. Kila mgonjwa alionekana kwenye skrini, ila ukimtafuta kwa namba yake, kompyuta inajibu hayupo. Jana watu walirudi nyumbani bila dawa. Saa tatu mkuu angemfukuza fundi.

Mama Koma akaenda mezani kwake, akaifungua ile faili, akaiamuru kompyuta ionyeshe hata alama zilizofichika. Orodha ilitoka kwenye mashine za aina nyingine, zinazofunga kila mstari kwa alama mbili. Za hapa hufunga kwa moja. Ile ya ziada ilikuwa imeng'ang'ania mwisho wa namba kama kupe, na namba yenye kupe si namba ile tena.

Akafungua mwongozo wake, ukurasa wa tisa. "Mstari huishia unapoishia." Siku alipoiandika alitabasamu peke yake, akajiona malenga. Fundi wa watu akaifuata neno kwa neno, akachukua kila kitu hadi mwisho wa mstari, pamoja na kupe.

Saa tatu kasoro dakika mbili. Akinyamaza, nani atajua? Akauchukua mwongozo, akaenda kwa mkuu.

"Bosi," alisema mlangoni, "huyu mdogo wangu hana kosa. Kosa ni la sentensi yangu."

Mkuu akaisoma, akairudia. "Mbona nzuri?"

"Ndiyo ubaya wake. Nzuri mpaka hakuna aliyeiuliza maana."

Mkuu akasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole: fundi arudi kazini, wagonjwa waitwe leo hii, na barua ya onyo itamfuata mwenye sentensi.

Ilimfikia kabla ya mchana. Ilikosa koma mbili, naye hakuzigusa. Alikuwa akiandika upya ukurasa wa tisa: "Mashine nyingine hufunga mstari kwa alama moja, nyingine kwa mbili. Ziondoe zote kabla ya kulinganisha namba."

Fundi aliisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Haina utamu, dada," akasema. "Ila hii nimeielewa."