Olraunda wa Kando ya Reli

Enzi zetu, kijana hakuitwa mchezaji mpaka mama yake achoke kufua. Vumbi la Voi ni jekundu, na likishaingia kwenye kaptura ya kaki halitoki, hata ikifuliwa nawe ukiwa ndani yake. Najua mtasema kijana wa miaka kumi na saba, ambaye bado anachapwa kwa ajili ya aljebra, ana enzi gani za kujivunia. Ninazo. Nyinyi mliokuwa nami darasa la nne mnajua, na mkijifanya hamjui nitawataja kwa majina. Mimi nilikuwa olraunda wa kriketi, mpigaji na mrushaji kwa mpigo mmoja, mtu mashuhuri kuanzia stesheni mpaka bomba la maji la nyumba za reli. Kupita bomba, hakuna aliyenijua.

Kazi ya kurusha niliianzia Ronge, kule milimani, kwa nyanya mzaa baba, nikilinda mahindi yasiliwe na nyani. Nilirusha mawe tangu asubuhi mpaka mkono ukakataa kuinuka. Nyani ndio watazamaji wangu wa kwanza, na walikuwa wastaarabu sana: walikaa palepale nilipolenga, maana walishajua kwamba hapo ndipo pa salama. Nyanya alikuja akatazama mabua matupu, akasema, "Basi mwanangu, angalau wamekuzoea."

Kriketi yenyewe tuliiona Voi, baba alipopata kazi ya kutia makaa kwenye gari la moshi. Jumapili makarani wa Kihindi wa reli walicheza wamevaa nyeupe tupu, nasi tulikaa ukingoni tukitafuna miwa na kubishana kama tunazielewa sheria. Jumamosi tulicheza yetu. Gongo lilikuwa ubao wa sanduku la chai. Wiketi ilikuwa debe la mafuta ya taa, na likigongwa hata waliolala walijua kuna mtu katoka. Mpira ulikuwa matambara yaliyozungushiwa uzi wa katani. Asubuhi ulikuwa mviringo kama chungwa. Jioni ulikuwa na ndevu kama katekista wetu.

Tatizo lilikuwa uwanja. Mahali tambarare palikuwa pale pamoja tu, kati ya reli na barabara ishukayo kutoka milimani, na vijana wa shamba la katani walipataka pia. Nahodha wao alikuwa Mwadime, Mtaita mwenzetu, mwenye mabega ya mtu mzima na sauti iliyokwisha kuvunjika, wakati yangu bado ililia kama mlango. Tukakubaliana mechi moja: atakayeshinda achukue uwanja kiangazi chote, atakayeshindwa ahamie kwenye miiba nyuma ya stesheni. Miiba ile tuliijua. Mpira ukiingia humo, aliyeufuata alirudi bila shati.

Mwamuzi alikuwa Salimu, mtoto wa fundi cherehani, kwa sababu pande zote mbili zilimwogopa baba yake.

Wao walipiga kwanza, na tulishakubaliana kwamba mbio zikilingana, ushindi ni wa waliotangulia kupiga. Nikarusha mpira wangu wa kwanza kwa madaha yote ya makarani. Ukapaa juu ya Mwadime, ukavuka reli, ukagonga bati la stesheni.

"We Mghanga," Mwadime akaniambia, "ukimtaka stesheni masta, nenda upige hodi kama watu."

Zamu yetu ilipofika, wenzangu walijitahidi mpaka tukabakisha mbio mbili tu tuwashinde. Aliyebaki kupiga ni mimi. Waliniweka mwisho, nami nilikuwa nimejiambia kwamba ni heshima.

Mpira ukaja. Nikafumba macho, nikazungusha ubao, nikasikia *pwaa!* Nilipofumbua, mpira ulikuwa unakimbilia mbali pamoja na ndevu zake. Nikakimbia mbio ya kwanza. Nikageuka, nikaanza ya pili, ya ushindi, watu wanapiga kelele, na katikati ya njia nikatupa jicho barabarani.

Nyanya alikuwa anashuka kutoka Ronge, mkungu wa ndizi mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

Sasa, nyinyi mliolelewa Utaitani mnajua. Mkubwa hapiti na mzigo wewe ukimtazama. Unaupokea kwanza, ndipo unaamkia, na kuamkia si neno moja: watu wa nyumbani, mbuzi, mvua, jirani mgonjwa, wote waulizwe. Sikufikiri. Miguu ilikata kona yenyewe. Nilitupa ubao nikatoka uwanjani nikikimbia.

"Rudi! Rudi, we mwehu!" timu nzima ikanifuata kwa sauti.

Nyanya akashtuka. "Wanakufukuza kwa nini? Umeiba nini?"

"Sijaiba, nyanya. Tunacheza." Na mkungu tayari uko kichwani pangu.

Mpira ulikuwa umefika kwa Mwadime, naye alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye debe. Hakuligonga. Alivua kofia, akamwamkia nyanya kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, pole pole, nyumba kwa nyumba, hata mbuzi hakuwaruka. Nyanya akajibu yote. Tukangoja, roho mkononi. Nilidhani ametusamehe. Alipomaliza akavaa kofia yake, akanyoosha mkono, akaligusa debe na mpira. *Ngo.*

"Mghanga katoka," akasema Salimu. "Adabu umeipata, mbio hukuipata."

Nyanya akatutazama. "Nani kashinda?"

"Mimi, nyanya," akasema Mwadime.

"Basi wewe ndiye mwenye nguvu. Beba."

Mwadime akaubeba mkungu mpaka kwetu, mimi nyuma na ubao wangu. Kiangazi chote tulicheza kwenye miiba. Mashati yangu mawili yalifia huko.

Watoto wa siku hizi, wale wa miaka kumi, wana mpira wa ngozi wa kununuliwa dukani, na wakikutana na mkubwa wanaamkia huku wamempa mgongo, wakikimbia. Hao hawatatolewa kwa sababu ya ndizi hata siku moja.

Likizo hii nimerudi kutoka bweni, nikapita kando ya reli. Mwadime anakata katani shambani. Jumamosi analala, mikono imemvimba kwa utomvu. Salimu yuko kwenye cherehani, ana ndevu za kweli. Uwanja ule wote niliuchukua mimi, bila mechi, bila mwamuzi, bila mtu wa kunibishia. Nikachora mstari kwa kisigino, nikainama kama makarani, nikangoja. Nilingoja sana. Hapakuwa na wa kunirushia mpira.