Sura ya Baba Nyuma ya Kioo

Picha ya baba ilitundikwa sebuleni kwetu Alunguli, mtaa wa mji wa Kindu, na kwa miaka mingi hakuna aliyeiona. Ukisimama mbele yake unaona dirisha, unaona pikipiki zinazopita barabarani, unajiona na wewe mwenyewe. Ukikaza macho, kanzu nyeupe inajitokeza nyuma ya kioo, na juu ya kanzu kofia, na katikati giza. Hapo gizani ndipo palipokuwa na uso. Wageni waliisifu kwa adabu. "Muzee alikuwa muntu wa heshima," walisema, huku wakijitazama wenyewe.

Ilipigwa asubuhi ya Idi, kabla ya vita, jua likiwa limeshakuwa kali. Vita vilipofika Kindu na treni zikaacha kuja, tulikimbilia msituni upande wa Pangi. Watu walibeba sufuria na magodoro. Mama alibeba mimba ya mdogo wangu, na fremu ile akaifunga kiunoni ndani ya kitenge. Baba alimcheka: mtu mwenyewe yupo hapa anatembea, picha yake ya nini? Homa ilimchukua baba huko huko msituni, mdogo wangu hajazaliwa. Tulimzika kando ya njia, na amani iliporudi tukaenda kumtafuta, msitu ulikuwa umeshajifunga. Kaburi hatukulipata. Namshukuru mama kwa kitenge kile kila siku ya Mungu, nami si mwepesi wa kushukuru. Wanaonijua watakuambia nina mdomo.

Ila unyevu wa msituni uliipata ile picha, ikanasa kwenye kioo. Kuna fundi mmoja aliwahi kupewa picha ya babu iliyonasa vile vile. Akaivuta, na uso wa babu ukabaki kwenye kioo vipande vipande. Tangu hapo mama hakutaka kusikia habari ya fundi.

"Ukivunja hiyo kioo," aliniambia, "umevunja na roho yangu."

Nikakua, nikawa mpiga picha. Kazi yangu ni arusi, upande wa wanawake, ambako mwanamume hakaribishwi na kamera yake. Nimewapiga mabibi arusi wa Kindu nzima, wengine hata watoto wao nimeshawapiga. Ndipo mdogo wangu naye akachumbiwa.

Katika ukoo wetu, binti havuki kizingiti kwenda kwa mumewe kabla ya kuagana na baba yake. Aliyefiwa huenda kaburini. Mdogo wangu hakuwa na kaburi, wala hakuwahi kuuona uso wenyewe hata siku moja. Mimi angalau nilikuwa na kumbukumbu ya sauti na ya mikono. Yeye alikuwa na kanzu tu. Alinijia jikoni nikimenya ndizi.

"Yaya," alisema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "unapigaka picha ya watoto ya watu yote. Miye nitaagana na kanzu?"

Nikanawa mikono, nikachukua kamera.

Nilisimama mbele ya fremu, nikapiga. Nikapata picha nzuri sana ya dirisha, na katikati yake mimi mwenyewe nimekunja uso. Kanzu ilitoka ya kijivu, uso wa baba mweusi kama chini ya sufuria. Hilo la kanzu nililijua. Kamera haijui mtu wala nguo; ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, hivyo huupunguza, na anayeumia ni sisi wenye ngozi nyeusi. Nikaiamuru iongeze mwanga. Ikaongeza, na dirisha nalo likang'aa maradufu juu ya kioo. Nikafunga dirisha, mwanga ukaisha. Nikawasha taa ya kamera, kioo kikanirudishia taa yangu machoni. Nilitukana, mama akanisikia, tukagombana, na siku ile ikaishia hapo.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenzangu mmoja anayepiga picha bandarini. Nilikuwa nimeona kazi zake: maji ya Lualaba saa sita mchana, na bado unawaona watu ndani ya mitumbwi, hawakumezwa na mng'ao. Siri ni kichujio, kioo cheusi-cheusi ndani ya pete, kinachofungwa mbele ya lenzi. Ukikizungusha, mng'ao wa maji unazimika. Mjini kwetu sikuwa nimekiona kwa mtu mwingine. Alikifungua kwenye lenzi yake mwenyewe akanipa, siku ya kazi, bila kuuliza kitarudi lini. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kichujio cha kuazima kilinisitiri mimi, na kila nikimwona mtu yule njiani moyo wangu unamwombea.

Nikarudi nyumbani, nikasimama mbele ya fremu, nikazungusha pete. Dirisha halikuondoka. Nikazungusha tena. Nikampigia simu kwa hasira, nikamwambia kitu chake kimekufa.

"Umesimama wapi?" akauliza.

"Mbele ya baba. Nisimame wapi tena?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Uso kwa uso haifanye kitu, mama. Enda kando. Angalia kioo kwa upande."

Nikabaki na simu mkononi. Kwetu baba hatazamwi kwa upande. Mtoto anayemtupia mzazi jicho la pembeni amemdharau. Sikuwahi kufikiri jambo hilo, miguu yangu tu ilikuwa inajua. Nilimtazama mama kama anayeomba ruhusa, naye alikuwa amesikia yote.

"Miye nilikuwa namuangalia kwa upande siku zote," alisema. "Njo vile tulikuwa tunakaa, kwa mukeka, yeye huku, miye huku. Kuja hapa."

Akanisimamisha pembeni mwa picha, upande aliokuwa akikaa yeye. Nikaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, nikazungusha pete polepole, na dirisha likaanza kufifia juu ya kioo, likafifia, likazimika. Kichujio hunywa mwanga, kwa hiyo niliiachia kamera nafasi ya kutazama kwa muda mrefu zaidi, nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka kanzu ikaungua ikawa nyeupe tupu. Mafundi wanakataza kuunguza weupe. Kanzu naijua, nilisema, iungue. Nilikuwa namtafuta mwenye kanzu.

Akaja. Paji la uso kwanza, kisha mashavu, kisha ndevu zilizochongwa kwa ajili ya Idi. Nilimwita mdogo wangu kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

Aliinamia skrini. "Amefunga macho," alisema.

Kweli. Jua lilimchoma, akafumba wakati ule ule fundi alipobonyeza. Miaka yote tulikuwa tumeilinda picha ya mtu aliyefumba macho. Mdogo wangu alikaa chini akalia, maana alichotaka ni kumwona baba akimtazama, na mimi sina kichujio cha kufumbua macho ya mtu. Mama yeye alicheka huku machozi yanamtoka, akiigusa skrini kwa kidole. "Njo yeye huyu. Njo yeye kabisa," alisema.

Niliinyoosha kwenye kompyuta, kwa kuwa ilitoka imeinama, nikaichapa kubwa, tukaitundika bila kioo. Sijawahi kufanya kazi nyingine ninayoishukuru kama ile.

Siku ya arusi wanawake walijaa sebuleni, magari yanapiga honi nje. Mdogo wangu, na shela yake, akasimama mbele ya picha. Nilikuwa na kamera mkononi, sikuiinua.

"Baba, ninaenda," alisema, akiyakazia macho yale yaliyofumbwa, kama mtu anayengoja kujibiwa na hajui atajibiwa na nani.

Mama akamshika bega.

"Enda, mwana wangu. Alifunga macho tu. Masikio iko wazi."