Kamba ya Ng'ombe na Tumbo la Kaka Yangu

Hadi leo nikimwona kaka yangu akifunga mkanda chini ya tumbo lake, nasikia kichefuchefu. Si unene unaonikera. Kwetu Kabazi wako wanene wanaopanda mlima na mtungi wa maji mgongoni. Kinachonikera ni asubuhi ile ng'ombe wa Mama alipopotea.

Alikuwa ng'ombe wake wa pekee, ana mimba na bado anakamuliwa. Usiku alivunja ua akaelekea msitu wa juu. Kaka alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nakuru, akasema tumwachie yeye kazi hiyo, kwani siku hizi ana kikundi cha kupanda mlima wa Menengai. Huko naona walimfundisha jambo moja tu, kwamba mzigo uwe mwepesi.

Mama ana mizani ya kuning'inia kwenye ukuta wa nje, hupimia maziwa kabla ya kuyauza ili asipunjwe. Kaka akatundika hapo begi letu lenye kamba na mandazi ya njiani, akakunja uso, akatoa kamba.

"Hii ni ya nini? Ni uzito tu ya bure."

"Ni ya kushika ng'ombe," nikamwambia.

"Tukimpata tutamfukuza polepole arudi home. Kwa mlima, kila kilo ni adui."

"Beba kamba, baba," Mama alimsihi kutoka mlangoni. Hakumsikiliza. Mandazi hakuyaacha nyumbani. Aliyala yote pale pale, akapangusa mafuta kwenye suruali, akasema sasa begi limepungua. Nyani haoni kundule.

Njiani alipumzika kila tulipofika penye kivuli. Nilikuwa nikimsubiri, nasikia pumzi yake ikikoroma, na hasira inanipanda. Hatimaye tukamsikia ng'ombe akilia. Alikuwa ametumbukia kwenye korongo, miguu ya nyuma imezama matopeni. Alituona, akanyamaza. Kamba na mikono ya majirani ingemtoa.

Simu huko haishiki. Kaka akaketi juu ya jiwe.

"Wewe ni mwepesi," akaniambia. "Kimbia ulete kamba."

Nilikimbia. Niliporudi na kamba na majirani watatu, ng'ombe alikuwa amehangaika mpaka akavunjika mguu, amelala ubavu, shingo imepinda. Kaka alikuwa bado juu ya jiwe. Jirani mmoja akasema ni afadhali tumchinje kabla hajafa, angalau nyama iliwe. Wakamchinja. Ndama walimtoa tumboni akiwa ameshakamilika viungo, hana uhai, manyoya yamelowa. Niligeuka nikatapika.

Kaka hakutapika. Alifungua begi, akalitikisa makombo ya mandazi yatoke.

"Mguu wa nyuma utaingia hapa," akasema.

Ukaingia. Akaubeba mpaka nyumbani, damu ikimchuruzika mgongoni, na hakupumzika hata mara moja. Mimi nilikuwa nyuma yake njia nzima, nikimchukia kila hatua. Tulipofika, Mama alikuwa uani na ndoo yake ya kukamulia, ameshaiosha. Kaka akampita, akatundika nyama kwenye mizani, akainama kusoma.

"Mum, hii ni zaidi ya kilo kumi na tano," akamwambia.

Mama alingoja amalize kupima na kushusha nyama, kisha akaing'oa mizani ukutani, akaiweka ndani ya ndoo, akaingia nayo ndani.