Siku Shangazi Alipokuja Kumsuta Mume Wangu

Ninauza chai na maandazi karibu na stendi ya Kibiti, kwa hiyo natoka nyumbani alfajiri wakati wengi bado wamelala. Asubuhi moja mwanamume nisiyemjua alinishika mkono njiani. Nilivuta, naye akavuta. Chupa ya chai ikaniponyoka, ikapasuka kwa kishindo, mbwa wakabweka, yule mtu akakimbia. Hakuchukua kitu, lakini akili ilinihama, hata chai niliyopika upya nikaitia chumvi badala ya sukari.

Mteja wa kwanza kuionja alikuwa mkunga wa kituo cha afya, mama wa Kiunguja aliyehamishiwa kwetu.

"Dada, leo chai umeichota baharini?"

Nikamsimulia yaliyonipata. Akaweka kikombe chini, akanikamata kifundo cha mkono. "Haya, toka."

Nikavuta.

"Usivute. Tazama kidole gumba changu. Hapo ndipo penye mlango. Geuza mkono upitie hapo."

Nikageuza, nikachomoka kama sabuni. Nikacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akaniambia hiyo ni judo, mieleka ya Wajapani, ameicheza tangu usichana wake.

"Nifundishe," nikasema.

Nilipowaambia wenzangu, wauza samaki na mafundi cherehani, nao wakataka. Tukapewa ghala la mpunga lililokuwa tupu likingoja mavuno. Tulijaza pumba kwenye viroba, tukatandika mikeka juu, na kila siku baada ya Alasiri tukakutana huko mlango umefungwa. Tulivaa makoti ya waume zetu, maana judo haichezeki bila kola ya kushika. Wajapani huinama kabla ya kuanza. Sisi tulisita, kwani kuinama kwetu ni kwa Mungu. Mkunga, mwalimu wetu, akasema tuweke mkono kifuani, tutoe salamu, yaishe.

Kwanza alitufundisha kuanguka. Unaanguka ubavu, unapiga mkeka kwa mkono, kichwa unakikinga. Tulianguka mpaka pumba zikatujaa kwenye nywele. Nilirudi nyumbani nachechemea, mikono imevilia damu, lakini moyo mweupe kabisa.

Nyumbani nilifanya mazoezi na mume wangu, fundi seremala, mtu mpole asiyejua kukataa. Majirani walisikia vishindo ndani, kesho yake wakaniona na michubuko. Hakuna aliyeniuliza. Mmoja akampigia simu shangazi yangu kule Mohoro.

Shangazi akaja na gari la kwanza. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama usoni, akamwita mume wangu na kumkalisha kwenye kigoda.

"Baba, sisi tulikupa mke. Hatukukupa ngoma ya kupiga."

Mume wangu alikodoa macho. "Shangazi, mimi? Anayepigwa ni mimi!" Akapandisha mkono wa shati, akaonyesha kiwiko kilichochubuka. "Na mgongo je? Usiku nalala kifudifudi."

Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, ni kweli?"

Niliangua kicheko, nikamweleza habari za judo. Tukatandika godoro uani, nikamshika mume wangu kola, nikageuka, nikambeba kiunoni, nikamwangusha chali. Akapiga godoro kwa mkono, vizuri kuliko wanafunzi wengi wa ghalani. Majirani waliokuwa wakichungulia juu ya ua wakapiga vigelegele. Shangazi alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani, kisha akafuta machozi na kusema, "Mnisamehe, baba. Sasa na mimi mnifundishe."

Mwalimu alimpokea kwa heshima zote. Kuangushwa alimkatalia kwa sababu ya magoti yake, ila kuchomoa mkono alimfundisha mpaka akaridhika. Shangazi akawa anawashika mikono wageni wote waliokuja kumjulia hali, awafundishe kuchomoka.

Siku ya kurudi kwake nilimsindikiza stendi. Mpiga debe mmoja akamdaka mkono, akaanza kumkokota kuelekea gari la Dar. "Twende, bibi, twende, nafasi ya mbele!"

Shangazi hakuvuta. Aligeuza mkono taratibu kama anayefungua komeo, akatoka, akabaki amesimama wima na kikapu chake. Yule kijana alitazama kiganja chake kitupu.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba. Mimi naenda Mohoro. Gari lake lipi?"

Akamwonyesha, akambebea kikapu mpaka mlangoni. Wenzake wakamzomea, naye akacheka nao.

Jioni shangazi akanipigia simu. Hakunieleza habari za safari. Aliniuliza kama mwalimu anaweza kuja Mohoro siku moja, kwa kuwa ameshazungumza na wanawake wa huko, na pumba wanazo tele.