Mkono wa Mama wa Nakawa

Niliondoka Nairobi na hasira, nikarudi nazo zimezaa. Maneno niliyaletewa na dereva wa lori la chumvi, aliyeyapokea kwa Nsubuga, mchongaji wa Kampala niliyesoma naye ujana wetu: "Mwambie yule Mswahili wa Mombasa aje, kabla mkono wa mama haujaua watoto." Mkono wenyewe nilikuwa nikiujua. Nsubuga alikuwa akijenga sanamu ya zege, mwanamke mkulima anayemwaga mbegu, na mimi, mhandisi wa majengo, ndiye niliyempigia hesabu ya vyuma. Nilipanda lori lilelile.

Kuanzia Malaba, mpakani mwa Uganda, vizuizi vilifuatana mpaka tukachoka kushuka. Katika kila kizuizi askari walitupigia kelele kwa Kiswahili: shuka, fungua, kaa chini. Kwetu Mombasa hiyo ni lugha ya kubembelezea mtoto alale. Huku Uganda akina mama waliopanda Jinja walinyamaza mara nilipofungua kinywa, na mmoja akauficha mkoba wake nyuma ya miguu. Niliona uchungu kama mtu aliyeibiwa nguo, kisha akamwona mwizi akiivaa kwenda kumpiga jirani.

Nakawa, kwenye mtaa wa Kampala penye sanamu, tulifika mchana. Sanamu ilisimama kando ya barabara, ndefu kupita paa la duka, na mkono wake wa kulia umenyooshwa mbele. Chini ya mkono kulikuwa na miti minene ya kuuegemeza, na begani magunia mabichi. Nsubuga alikuwa juu ya ngazi akiyamwagia maji, zege isikauke upesi ikapasuka.

"Webale kujja, mukwano," aliniambia akishuka. Asante kuja, rafiki. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wanajeshi wameiwahisha sherehe ya kuizindua. Ni kesho. Watoto wa shule watasimama hapa chini kuimba."

"Zege ya mkono ina umri gani?"

"Haijamaliza wiki. Ile yote ya mwili imekauka, lakini mkono nilimwaga mwisho. Na kapteni wao anayesimamia sherehe anataka miti itoke leo."

Nilikagua kazi yake kwa makini. Mkono wa namna ile hauna nguzo. Uzito wake wote unavuta begani, kwa hiyo vyuma hukaa upande wa juu, unaovutika. Nsubuga alikuwa ameviweka barabara. Kilichopungua ni siku tu. Zege hutaka karibu mwezi ndipo iaminike, na haijui cheo cha mtu.

Kapteni alikuja saa kumi, kijana aliyenyoosha sare mpaka ikasimama yenyewe. Aliitazama miti, akakunja uso.

"Nani iliweka hii? Mama ya Uganda anashika fimbo kama mugonjwa? Na anavaa gunia kama mufungwa? Toa yote! Kesho mukubwa anapita."

Nilimwamkia, nikamweleza kwa adabu kuhusu zege, bega na watoto. Alinisikiliza huku akitazama viatu vyake.

"Wewe Kiswahili yako ni mingi sana," alisema. "Inanichosha. Miti inatoka leo. Mukono ikianguka, huyu mutu alifanya makusudi, na sisi tunajua mahali ya kumupeleka."

Aliondoka kungoja kwenye kivuli cha duka. Damu ilinichemka. Mtu anainyima zege siku zake, kisha anamtafutia fundi hatia kabla kosa halijatendeka! Nsubuga aliketi juu ya mfuko wa saruji. "Uso ule ni wa mama yangu," alisema. "Nilitaka watu waone mtu anayelisha wengine."

Nilizunguka sanamu mara kadhaa nikiitafutia njia. Watu wale hawakuchukia mti. Walichukia kuonekana wanyonge. Basi mti gani wasingeuchukia? Jibu lilipokuja nililionea aibu, lakini nilimwendea kapteni.

"Afande, mama huyu atailindaje nchi mikono mitupu? Tumpe bunduki. Isimame chini, mdomo wake aushike kiganjani."

Uso wake ulifunguka kama wa mtoto aliyepewa andazi. "Eeh! Hata mama ni askari! Weka kubwa!"

Kwa hiyo jioni ile Nsubuga aliuchonga mti mmoja mnene kuwa bunduki, kitako chini, akaupaka rangi nyeusi. Tuliusimamisha chini ya kiganja, tukagongomea kabari kati yake na kiganja mpaka ukabeba uzito, ndipo tukaondoa miti mingine na magunia. Nsubuga alipiga nyundo ya mwisho akilia waziwazi, na mimi sikumwambia anyamaze.

Asubuhi watoto waliimba chini ya mkono. Macho yangu hayakutoka kwenye kabari. Mkubwa alipita, akaona bunduki, akapiga makofi. Mkono haukutikisika, na Nsubuga alirudi nyumbani kwa mkewe. Mimi nilipanda lori la kurudi, nikapita vizuizi vilevile, nikishuka na kuketi chini kama nilivyoamriwa.

Niliporudi Kampala mwaka uliofuata, nilimpitia Nsubuga tukaenda Nakawa pamoja. Mvua zilikuwa zimelegeza kabari mpaka ikaanguka. Kati ya kiganja na mdomo wa bunduki palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole, na mwanga ulionekana upande wa pili. Zege ilikuwa imekomaa zamani. Mkono wa mama ulijibeba wenyewe, na bunduki haikubeba chochote.

"Tuitoe?" nilimnong'oneza.

Nsubuga alitazama kushoto na kulia, akanishika kiwiko tuendelee kutembea. Nimefundisha vijana wengi kuweka egemeo tangu siku ile, na kila mara huwauliza kwanza: nani ataruhusiwa kuliondoa?